Kikombe cha Pili Ukutani

Majibu ya mkemia yalifika asubuhi, na yaliharibu kesi nzima.

Mkaguzi Lidia aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa akayasoma tena, maana kuna habari mtu anazipa nafasi ya pili labda zitajirekebisha. Hizi hazikujirekebisha. Vidonge vya Meinrad vilikuwa halisi. Havikuwa vimechakachuliwa, havikupitwa na muda, wala havikujazwa unga wa muhogo kama Koplo Steven alivyokuwa akiapa mbele ya mama ntilie na wateja wake wote.

"Kwa hiyo yule dereva wa basi aliyekuwa anamletea dawa simkamati tena," Steven alisema, kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya kula.

"Humkamati."

"Na mwenye duka la dawa?"

"Naye mwache auze panadol zake."

Kwenye benchi la mapokezi ya kituo cha Mbinga alikuwa amekaa Kalista, mlalamikaji. Tangu afungue jalada amekuwa akija kituoni kama anayekuja kazini. Alikwishawajua mahabusu kwa majina na alikuwa amewasuluhisha wawili waliogombea blanketi. Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuweka mkono kiunoni, upande wa kushoto, mahali lilipo kovu. Hapo ndipo lilipotolewa figo alilompa mdogo wake Meinrad.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia, usinizungushe. Dawa ni nzuri." Kalista hakuinuka. "Afande, lile figo nimekaa nalo tangu kuzaliwa, halijawahi hata kunisumbua. Nimempa mdogo wangu, likakubali, akarudi shambani, akachuma kahawa. Sasa linakufa. Kama dawa ni nzuri, mbaya ni nani?"

Lidia alimpigia simu Daktari Victor, aliyemtibu Meinrad katika hospitali kubwa ya mbali alikopandikizwa. Alikuwa amekwisha kuzungumza naye, ila safari hii alimwomba amweleze kama anavyomweleza mama yake.

"Mwili hauna adabu kwa wageni," daktari alisema. "Umpe mtu figo la dada yake wa tumbo moja, askari wa mwilini wanaliona ni jambazi tu, wanalivamia. Dawa tunazompa zinawalaza hao askari usingizi. Anazinywa maisha yake yote. Zikipungua kwenye damu, wanaamka."

"Na damu ya Meinrad?"

"Karibu haina kitu. Nimeongeza dozi, nikaongeza tena. Ni kama namimina maji kwenye gunia. Ama hanywi, ama kuna kitu kingine anameza kinachoifukuza dawa yangu kabla haijafanya kazi. Mizizi, majani, dawa nyingine. Nimemuuliza, amekana. Afande, hali hii ikiendelea, figo hilo limekwenda. Na dada wa pili wa kumpa lingine hana."

Lidia alikata simu. Kalista alikuwa ameinama mbele, ameegesha sikio.

"Anasema kuna mtu anamlisha kitu," Kalista alisema.

"Hakusema hivyo."

"Mimi ndiye nasema. Na ninajua nani anapika uji."

* * *

Nyumbani kwa kina Meinrad, Namswea, walifika wakati vyungu vinaelekea sengu. Ndivyo ukoo huo unavyokula: kila mke anapika kwake, kisha chakula chote kinatua sengu, uani kwa babu, wanaume wanazunguka mahali pao, wanawake na watoto mahali pao, na anayejificha kula ndani kwake anasemwa mpaka ashibe kwa aibu. Steven alivutwa kwa wanaume. Lidia akajichomeka jikoni kwa wanawake, akavua viatu, akashika mwiko kabla hajaulizwa shida yake. Alikuwa mpelelezi wa namna hiyo. Wenzake walimteta kwamba anapenda umbea kuliko kazi, naye hakuwahi kuona kazi na umbea vinatenganishwa wapi.

Jambo la kwanza alilolihakikisha ni hili: chakula cha mchana na cha jioni hakiwezi kuwa na kitu. Meinrad anapakuliwa kwenye sahani yake peke yake, ndivyo daktari alivyotaka, lakini kinachopakuliwa kinatoka chungu kile kile. Ukiharibu ugali wa Meinrad umewaharibu wazee wote pamoja na babu. Kilichobaki ni uji wa asubuhi, na huo Oliva, mkewe, anaupika mwenyewe na kumpelekea mwenyewe.

"Huyo Oliva mbona simwoni?" Lidia aliuliza.

Katarina, mke wa kaka yake Meinrad, alikuwa anasubiri swali hilo tangu asubuhi. "Utamwona wapi? Siku hizi hakai na sisi. Anapika, analeta chungu, anakaa kule kwenye kuni, peke yake. Wakati alipoolewa kutoka ziwani ndiye aliyekuwa anatuchekesha hapa."

"Labda mumewe anamtia mawazo."

"Mawazo yanampeleka ziwani kila mwezi? Anasema anafuata usipa. Afande, huo usipa ungeuona. Safari nzima mpaka kule chini, unarudi na dagaa wa kumtosha paka." Wenzake wakaguna. Katarina akashusha sauti, ile ya kusikika vizuri zaidi. "Wamemwona na mwanaume. Kilian. Anampakia kwenye pikipiki."

"Makubwa."

"Sisi hatusemi kitu. Tunakula tu."

Macho ya Lidia yalikuwa ukutani. Vikombe vya ukoo mzima vilikuwa vimelundikwa kwenye beseni moja, vya bati, vya plastiki, vyenye mikono na visivyo na mikono. Lakini ukutani kulikuwa na misumari miwili, na kila msumari umening'iniza kikombe kimoja. Cheupe, na cha bluu.

"Hivyo vya nani?"

"Cheupe cha shemeji Meinrad, amri ya daktari. Cha bluu cha Oliva mwenyewe. Hapokezani tena kikombe na mtu. Tumenywa naye kata moja miaka yote, leo kawa Mzungu."

Cha mgonjwa kilieleweka. Lakini mtu mzima, mwenye afya yake, katika ua ambao hata kijiko hakina mwenyewe, anajitengea kikombe kwa sababu gani? Lidia alijua sababu moja. Anayejua kuna sumu ndani ya nyumba huchunga vyombo.

"Na Kalista anajua?"

"Akijua?" Katarina alicheka bila furaha. "Kalista aliporudi na kovu lake alisimama hapa sengu mbele ya wazee, akasema atakayeleta ugonjwa kwa Meinrad, awe ndugu awe mke, ataondoka na nguo alizovaa. Tangu siku hiyo hata kupiga chafya tunakwenda kupigia mgombani."

Meinrad alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiti, juani, amejifunika koti ingawa jua lilikuwa kali. Miguu ilikuwa imevimba. Pembeni palikuwa na redio na mkebe wa dawa. Alikuwa anameza asubuhi na jioni kwa kengele ya taarifa ya habari, akasema, na hajaruka hata mara moja.

"Dawa ya kienyeji?"

"Sijagusa."

"Ya maji ya baraka? Ya mganga? Niambie tu, kaka, mimi si paroko."

"Afande, dada yangu alipasuliwa kwa ajili yangu. Nitachezea?"

Alitoa leso akajifuta uso. Ilikuwa leso nyeupe. Lidia aliitazama ikirudi mfukoni, kisha akanyoosha mkono. "Naomba."

Ilikuwa na madoa ya rangi ya mawese, mengine makavu, mengine mapya.

"Jasho hili?"

"Jasho."

"Na mkojo je?"

Meinrad alitazama milimani, kwenye mashamba ya ngoro, mashimo yake yamepangana kama sega la nyuki. "Hivyo hivyo," alisema mwishowe.

"Daktari anajua?"

"Alipouliza nilimwambia uko kawaida. Ningesema kweli wangenirudisha wodini. Na hapa nyumbani wangesema ni damu, wangeanza kumtafuta mchawi." Aliteremsha sauti. "Na najua wangeanzia kwa nani."

Huyo ambaye wangeanzia kwake alikuwa kwenye rundo la kuni. Oliva alikuwa mwembamba, kanga imemzunguka mpaka kidevuni, na alijibu akiwa amesimama mbali, upande ambao upepo ulikuwa unapeleka maneno yake nje ya ua. Lidia alisogea hatua. Oliva akarudi hatua.

"Uji wa mumeo unautia nini?"

"Unga. Sukari kidogo."

"Na ziwani unafuata nini?"

"Usipa."

"Kwa Kilian?"

Oliva aliomba radhi, akazunguka nyuma ya banda. Alikaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na amejibana kifua.

"Afande, kama mnanikamata, nikamateni," alisema. "Ila asubuhi mtu ampe uji. Asinywe dawa na njaa."

Njiani kurudi garini Steven alikuwa tayari ameshafunga kesi. "Mwanaume yupo, uji upo, mkojo mwekundu upo. Unataka nini tena, afande?"

"Nataka kujua mwuaji gani anakumbuka kwamba mtu asimeze dawa na njaa."

* * *

Waliteremka kupitia Tingi, masikio yakiziba kwenye kona, mpaka ziwa likajitandaza chini yao. Lidia alikuwa mzaliwa wa ufukwe huo, na kila aliposhuka alihisi anarudi kwenye joto la mtu wake. Walimkuta Kilian pembeni ya vichanja vya usipa, amelala juu ya pikipiki kama kitanda. Lidia alimsalimia kwa Kinyasa. Akaamka haraka, salamu ya nyumbani ikitoka kwa mgeni mwenye gari la polisi inatisha kuliko pingu.

"Oliva wa Namswea ni nani wako?"

"Abiria."

"Abiria wa kila mwezi?"

"Nina wa kila siku, dada, na sijawaoa."

Steven alitaka kumkemea, Lidia akamzuia kwa kiwiko. "Unamshusha wapi?"

"Hapa na pale."

"Kilian. Huko juu wanasema wewe na yeye mnamwua mumewe mrithi shamba la kahawa. Leo nimekuja kukuuliza nikiwa nacheka."

Kijana alikuna kichwa. "Namshusha zahanati."

"Anaumwa nini?"

"Mimi ni wa pikipiki."

"Sawa. Sikuulizi ugonjwa. Anakaa benchi lipi?"

Kilian alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mtu wa Mbinga asingeuliza hivyo. Lakini aliyekulia hapo anajua kuwa wenye homa na wajawazito wanakaa barazani, na liko benchi jingine, nje kabisa, karibu na uzio, mahali upepo wa ziwa unapopiga sawasawa. Watoto wa kijiji walikatazwa hata kulikimbilia kwenye mchezo. Ni la wanaokohoa muda mrefu.

"La nje," Kilian alisema.

"Ahsante."

"Dada, msimwaibishe. Mimi mwenyewe nimelikalia hilo benchi, nikamaliza dozi, nikapona. Ndiyo maana namfuata stendi. Anaogopa kuchukua dawa Mbinga, wasimwone."

Lidia alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka, akasimama. Leso ya Meinrad ilikuwa mfukoni mwake ndani ya mfuko wa vielelezo. Akaitoa.

"Ulipokuwa unatumia zile dawa, nguo zako zilikuwaje?"

Kilian aliiona, akacheka. "Hivyo hivyo. Fulana zote kama nimefulia mawese. Siku ya kwanza nimekwenda chooni nikadhani nakufa, nikamwita mama aje tuagane. Nesi akasema ni rangi ya dawa tu. Huyo naye yuko kwenye dozi?"

"Hapana," alisema Lidia. "Hiyo ndiyo shida."

Waliposogea kwenye gari Steven alikuwa anafikiri, jambo lililomchosha. "Mwenye kifua kikuu ni mke," alisema. "Mwenye mawese ni mume."

"Endelea."

"Basi dawa za mke ziko kwenye uji wa mume." Akapiga boneti. "Si nilisema? Sumu."

"Sumu mtu haendi kuipangia foleni kila mwezi kwenye benchi la upepo, Steven." Lakini hata yeye hakuwa na hakika. Mtu anaweza kusikia mahali, redioni, kwa nesi, kwamba dawa hii haipatani na ile, akanyamaza nalo. Mume akafa kwa figo lililokataa, na hakuna mkemia duniani atakayekuta sumu. Ingekuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kupeleleza.

Alimpigia Daktari Victor akiwa amesimama majini hadi vifundoni, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Alimweleza yote: benchi, leso, mkojo.

"Mkojo kama mawese, akaniambia uko kawaida," daktari alisema. "Ndiyo, ndiyo hiyo. Dawa ya kifua kikuu inaliamsha ini, ini linaitafuna dawa yangu yote. Ningeongeza mpaka kesho."

"Mtu wa kawaida angejua hilo?"

"Wa kawaida? Sidhani. Sasa nisikilize. Mume afikishwe hospitali ya Songea leo, nitawapigia wenzangu wa huko; tukimwahi labda figo tutaliokoa, siahidi. Apimwe na kifua pia. Na mke msimtishe akaacha dozi yake. Akiiacha nusunusu, ugonjwa unajifunza, unarudi jeuri."

Nusunusu. Lidia aliona kifua kilichobanwa, na macho mekundu, na ule mwili uliokonda wakati tayari unatibiwa.

* * *

Kalista alikuwa amewatangulia Namswea. Alipata habari kwamba gari la polisi limeshuka ziwani, akahesabu mwenyewe. Lidia alimwomba abaki na wazee sengu. Alikubali haraka mno.

Oliva alikuwa jikoni peke yake, mlango wazi. Lidia alitungua vikombe vyote viwili, akavitua chini kati yao.

"Cheupe nimekielewa," alisema. "Niambie cha bluu."

"Ni changu tu, afande."

"Kina ugonjwa gani? Nimetoka kwenye benchi la nje."

Oliva akakaa kwenye kigoda. Alijiziba mdomo kwa kanga kabla ya kusema, na Lidia akaelewa sasa kwamba hata pale kwenye kuni, na ule upepo, na zile hatua za kurudi nyuma, mwanamke huyu alikuwa hamkimbii polisi.

"Umekuwa unamwekea vidonge vyako kwenye uji."

"Ndiyo."

"Ili afe?"

Oliva alimtazama kama aliyetukanwa. "Ili asipate. Nesi alisema ninaoishi nao wote waende wakapimwe, na aliye dhaifu apewe dawa ya kumkinga. Nani dhaifu kama Meinrad? Daktari wake mwenyewe alituambia kinga yake imelazwa usingizi, hata mafua yanaweza kumwua. Na mimi ndiye nalala naye nyumba moja. Ningempelekaje huko bila wifi kujua? Nikaona tugawane. Kila asubuhi nasaga nusu naweka kwenye uji wake, nusu nakunywa."

"Hawakukukataza?"

"Walinikataza kuacha. Kugawana hawakusema." Akafuta macho, na kanga ikabaki na doa la mawese. "Afande, mimi nimeolewa kwenye sengu. Hapa hata yai likiwa moja linakatwa. Ningekula dawa peke yangu, namwangalia?"

Lidia alikuwa ametafuta uongo katika maneno hayo kwa sikio lake lote, na hakuona pa kulishika. Akamweleza. Alimweleza polepole kuhusu ini, na askari walioamka, na kwa nini miguu ya Meinrad imevimba. Alimwona akielewa, na angependa kuwa mahali pengine wakati huo.

"Kwa hiyo ni mimi," Oliva alisema.

"Ni wewe."

"Nilijua."

Sauti hiyo ya pili ilitoka dirishani. Kalista hakuwa amekwenda sengu hata kidogo. Aliingia, mkono kiunoni, akasimama juu ya wifi yake.

"Unaumwa kifua na umekaa kimya. Ndani ya nyumba yenye figo langu. Kwa nini hukuniambia?"

"Wifi, ulisema nguo nilizovaa."

Kalista aliondoa mkono kiunoni. Akatazama moto, kisha vikombe viwili vilivyokuwa chini, kisha akatoka.

Walimpandisha Meinrad kiti cha mbele, amefungwa barakoa. Oliva aliingia nyuma, akajibanza dirishani. Lidia aliteremsha vioo vyote, maana safari ya Songea ni ndefu na upepo ulikuwa ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo. Ukoo wote ulikuwa umesimama uani, Katarina mbele kabisa, na hakuna aliyeambiwa kitu.

"Afande, jalada niandike nini?" Steven alinong'ona. "Amekiri."

"Andika upelelezi unaendelea."

"Na mlalamikaji?"

Mlalamikaji alikuwa amerudi jikoni. Alitoka na kitu amekifutika kwenye kitenge, akapita katikati ya ukoo bila kumsalimia mtu, akafungua mlango wa nyuma wa gari. Kikombe cha bluu kilichungulia kwenye pindo.

"Huko hospitali atanywea nini?" alimwuliza Steven, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekisahau. Kisha akainama, akatazama ndani, kwenye nafasi iliyobaki kati ya Oliva na mlango.

"Sijakusamehe," alisema. "Sogea."